Ngazi

Kule Urambo, darasa la saba,
betri ilikuwa moja, waya mmoja,
na Salamba ndiye aliyeshika.
Sisi tulishika kalamu.
Mwalimu alisema: wavulana waunganishe,
wasichana waandike walichokiona.
Nikaandika, *Taa imewaka.*
Nikapata vema.
Imewakaje, sikujua.

Hakuna aliyenikataza, niseme kweli.
Salamba hakuwa mbaya; leo ana duka la mbegu
na hunisalimia kwa heshima.
Yalikuwa mazoea tu, kama harufu ya tumbaku
kwenye mashati ya baba:
ukifua inabaki,
ukivaa huisikii.

Kisha Tabora.
Sanduku la bati, ndoo, jembe, fagio,
mama akihesabu nauli kwa mara ya tatu,
na geti likifungwa mgongoni kwangu.
Wasichana kila upande, wasichana watupu.
Nililia. Nilijiona kuku
aliyefungiwa tengani kungoja sikukuu.

Usiku wa tatu balbu ya bweni ikaungua.
Tukakaa gizani tukimsubiri mwanamume.
Nasema kama ilivyokuwa: mwanamume yeyote,
mlinzi, fundi, hata mpishi.
Akaja Bi. Wande na tochi na ngazi,
akaiegemeza ukutani.
"Nani mzito ashike chini? Nani mwepesi apande?"
Kimya.
"Haya, laleni na giza lenu."

Nikapanda.
Magoti yakinicheza, mkono una jasho,
na chini yangu nyuso thelathini zimeinuliwa,
wala hakuna aliyetazama sketi.
Walitazama balbu.

Maabara kulikuwa na meza kumi
na hapakuwa na Salamba.
Ukikosekana mkono wa kuunganisha, mkono ulikuwa wangu.
Niliunguza waya, nikaunguza kidole,
nilikosea hesabu ubaoni, chaki ikanivunjikia,
mbele ya watu arobaini
ambao sikutaka hata mmoja
anione mrembo.
Uhuru huo sikuwa na jina lake.
Hata sasa sina.

Ng'ambo ya mji, shule ya wavulana,
kaka yangu Mhoja aliniandikia:
*Dada, huku tunapika kwa zamu.
Ugali wangu wa kwanza ulikuwa uji,
wa pili tofali.
Nashona vifungo vya nusu ya bweni,
na kwaya wamenipa sauti ya juu,
hakuna anayeniita binti.*

Mwaka baba alipofariki, barua ilikuwa fupi:
*Nililia bwenini mchana kweupe.
Jamaa mmoja wa Kasulu, jitu la miraba minne,
alikaa kitandani kwangu akamenya chungwa,
akanipa, hakusema neno.
Nyumbani ningekaza uso
kwa sababu yako.*

Sisemi ukuta ni mtakatifu.
Uliwabana wengine; Kashindye alitoka pale
akizungumza na wanaume huku akivitazama viatu vyao,
mpaka leo, na ana wajukuu.
Mimi Jumamosi za mdahalo ziliniponya:
wavulana waliingia kwa mstari, wamepiga pasi,
wamejipaka mafuta mpaka shingoni,
nasi tulikuwa tumekesha tukinoa hoja.
Nilisimama wa kwanza.
Sauti yangu ilishajua kupanda.

Sasa napanda nguzo za umeme, Cheyo hadi Ipuli,
na watoto wa mtaani wamezoea.
Mhoja hubeba mwanawe mgongoni akisonga ugali,
wake siku hizi si tofali.

Jana binti yangu kachaguliwa.
Amesoma jina la shule mara mbili, kanikunjia uso.
"Mama, huko hakuna wavulana?"
"Hakuna."
"Sasa ngazi atashika nani?"

Sikumjibu.
Niliinama chini ya kitanda
kutafuta kufuli la sanduku.